Taa Nyekundu kwenye Pedi ya Ezron

Niwategee kabla chai haijapoa. Nina mlango. Ukiusukuma kwa bega unafunguka wote. Ukiusukuma kwa kidole kimoja cha mgonjwa, nao unafunguka wote, utadhani fahali ndiye aliyeupiga kichwa. Lakini ukiugusa chini ya hapo, chini kidogo tu, haufunguki hata ufa. Nusu haujui, robo haujui. Ni wote au si chochote. Mlango gani huo?

Fikirini. Msione aibu mkishindwa, maana hata mimi, ninayejisifu kwamba hapa Ibighi hakuna wa kunifunga kwa vitendawili, nilishindwa. Nilitegewa na mjukuu wangu Ezron, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi mapajani. Nikampa mji wa Mbeya, akakataa. Nikampa Dar es Salaam pamoja na bahari yake, akakataa.

"Huu siuuzi, Bibi," aliniambia. "Huu utaujua mwenyewe."

Basi sikilizeni nilivyoujua.

Ezron alianza kuanguka akiwa darasa la tatu. Anaanguka njiani, anaanguka uwanjani, anaanguka mlangoni kwangu na hakubeba kitu. Mwalimu akasema mvivu. Mimi nikasema ni viatu. Halafu tukaona namna anavyoinuka: anashika magoti, anayapanda mapaja yake kwa mikono, kidogo kidogo, kama mtu apandaye mti na mti wenyewe ni yeye. Siku tuliyomkalisha kwenye kile kiti hakuna aliyesema tena mvivu.

Mama yake, Felista, ndiye aliyempeleka hospitali Mbeya. Aliporudi alinikuta jikoni.

"Mama, wamesema ni misuli. Wamesema turudi kila baada ya miezi michache wampime kifua, tusikose."

"Kifua kina nini, na kinachougua ni miguu?"

Akainama kuchochea moto. "Wamesema tusikose," akarudia.

Habari hiyo ilibidi niibebe mimi mpaka kwa mume wangu, Mzee Anyitike. Mjini wengi wameacha siku hizi, lakini nyumba yetu ni ya kizamani: mke wa mwana hasemi na baba mkwe, hamtazami usoni, haingii chumba alichokaa. Akimwona njiani anapinda kwenye migomba mpaka apite. Felista ni mke wa mwanangu Wilson, dereva wa malori anayelala Tunduma zaidi kuliko anavyolala kwake. Tangu aolewe, Mzee Anyitike hajawahi kuisikia sauti yake ikimwelekea. Anaandaa chakula mezani na kutoka kabla mzee hajaingia. Ndiyo heshima yetu. Neno lolote la jikoni lilipita kwangu ndipo lifike sebuleni.

Kompyuta ililetwa na Haruni, mwenye banda la gemu kule mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu mjini. Ezron alipokuwa bado anatembea alikuwa mteja wake, na Haruni hasahau wateja. Alikuja na mvua, kompyuta kuukuu begani imefunikwa na nailoni, na mfukoni ile pedi ya gemu, ya kushika kwa mikono miwili, yenye vitufe pamoja na vijiti viwili vyenye vichwa kama uyoga.

"Shikamoo Bibi, shikamoo Mzee. Mzee Anyitike, leo naingiza dijitali kwenye nyumba ya mtu wa analojia!"

"Mimi analojia na nitakufa analojia," mzee wangu akamjibu. "Redio yangu haijawahi kumgandisha mtu mdomo wazi kwa sababu ya mvua, kama hivyo ving'amuzi vyenu."

Haruni akacheka, akaunganisha nyaya, akabonyeza kitufe cha katikati ya pedi. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Ezron akaishika pedi kama mtu aliyerudishiwa mali yake iliyoibwa.

Gemu alilolipenda ni la kijana anayekimbia mafuriko. Mto umefurika nyuma yake, mbele kuna madaraja ya kamba, na akizubaa maji yanamzoa. Mchana nikimaliza shambani nakaa naye, ananifundisha.

"Bibi, ukisukuma kijiti kidogo, anatembea. Ongeza. Sasa anakwenda mchakamchaka. Ongeza mpaka mwisho. Ehee! Hapo anakimbia kweli."

Nilisukuma mpaka mwisho nikamtia mtoni.

"Bibi! Umemuua mtoto wa watu!"

"Kwani nimemwambia aende mtoni? Nimemwambia akimbie."

Tulicheka mpaka Felista akachungulia kuona nani anakohoa.

Kicheko hicho hakikukaa sana. Mwanzo kijana wa Ezron alivuka madaraja yote na kupanda mlima. Baadaye akawa anafika katikati. Halafu akaanza kutembea. Kidole gumba cha mjukuu wangu kilikuwa pale pale juu ya uyoga, kinasukuma, nauona ukucha ukigeuka mweupe, lakini kijiti kinainama nusu tu. Wiki zikapita, kikawa kinainama robo. Kijana anatembea kama anakwenda sokoni, na mafuriko yale nyuma yake. Anazolewa daraja la kwanza. Anaanzishwa upya. Anazolewa.

Mzee wangu naye alizoea kukaa hapo kila alasiri. Alikuwa hasemi sana, lakini yule kijana alimtesa.

"Mwambie akimbie."

"Namwambia, Babu."

"Mwambie kwa nguvu."

"Ndiyo hizo nguvu zenyewe, Babu."

Mzee akanyanyuka, akavaa koti, akatoka bila kuaga. Jioni alirudi kutoka kijiji cha Masoko na chupa ya dawa ya kuchua, nyeusi, inanuka mizizi na mafuta ya nguruwe. Tangu siku hiyo akawa anamchua mwenyewe, asubuhi na jioni, toka begani mpaka vidoleni, huku anaomba. Mikono ya mzee wangu imelima migomba maisha yake yote. Sijawahi kuiona ikishika kitu kwa upole namna ile.

Siku moja mvua ilinyesha na radi juu yake, umeme ukakatika katikati ya gemu. Tukakaa gizani mchana, tunasikiliza bati. Uliporudi, kompyuta ikawashwa, Ezron akawekewa pedi mapajani na kidole chake juu ya kijiti. Mimi nilikuwa nachambua maharage, sikutazama. Nilichosikia ni kiti cha mzee kikianguka.

"Anakimbia! Mke wangu, njoo uone, anakimbia!"

Kweli alikuwa anakimbia. Kijana wa madaraja alikuwa anatimua mbio na maji yamebaki mbali, daraja baada ya daraja, na kidole cha Ezron pale juu kimetulia tu, hata ukucha haukuwa mweupe. Mzee wangu, ambaye hata kwenye harusi ya Wilson hakucheza, alicheza. Alipiga miguu sakafuni, akaimba wimbo wa kanisani nusu na wa zamani nusu, akalia. "Ndaga fijo, Tata," alimwambia Mungu kwa Kinyakyusa, asante sana Baba. "Mkono umerudi. Umeuacha mguu, umerudisha mkono. Ndaga."

Nikamtazama Ezron. Alikuwa anamtazama babu yake, si kioo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio kama yule kijana. Siku ya kupimwa kifua ilikuwa imekaribia, mzee akasema hakuna kwenda. "Barabara inamvunja mgongo, na dawa ya Masoko inafanya kazi, kila mwenye macho ameona. Hospitali basi." Jumapili akasimama kanisani akatangaza shukrani. Watu wakapiga makofi. Wengine walipita nyumbani kuona, Ezron akawaonyesha, kijana akakimbia, wakasema Mungu mkubwa.

Na mimi niwaambie nilichokiona ambacho makofi hayakukiona. Mjukuu wangu kijiko hakuweza kukinyanyua. Asubuhi alianza kuamka na kichwa kinamuuma, tukapima malaria, hakuna. Nilimwambia mzee. Akaniambia mkono unaanzia kwenye kidole, kijiko kitafuata, niwe na imani. Nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nimemwona akikimbia.

Wiki hiyo ndiyo Ezron alinitegea kile kitendawili cha mlango. Na siku moja baadaye, tukiwa jikoni watatu, mimi, yeye na mama yake, alimuuliza Felista swali ambalo halikuwa kitendawili.

"Mama, mjomba Ambwene, mikono ilipokwisha, kilifuata nini?"

Ambwene alikuwa kaka yake Felista, aliyekufa kabla Ezron hajazaliwa. Kwetu tulisikia tu kwamba alikuwa hatembei. Zaidi ya hapo Felista hajawahi kumtaja, na mtu hamchimbi mwenzake kidonda. Sasa alikuwa anamenya ndizi za kupika. Alimenya ile aliyoishika, akaiweka majini, akachukua nyingine.

"Mama."

"Moshi huu utakuumiza macho," alisema, kisha akanigeukia mimi. "Mama, naomba umrudishe ndani."

Nikamsukuma nikamrudisha. Hakuuliza tena, lakini swali lilibaki pale jikoni. Kila nikiingia nalikuta, lenyewe na Felista, hawatazamani.

Haruni alikuja Ijumaa akitoka kuswali, kanzu imepandishwa asiichafue na tope, kaleta machungwa. Habari za kupona zilikuwa zimefika mpaka bandani kwake.

"Nimekuja kumwona bingwa! Mzee yuko wapi nimpe hongera?"

Mzee alikuwa shambani. Ezron alikuwa amesinzia, kichwa kimelala begani, pedi bado mapajani. Haruni aliinama kuitoa isianguke. Akaitazama. Akaitazama tena, tabasamu likashuka usoni.

"Bibi, hii taa imezimika tangu lini?"

"Taa gani?"

"Hii nyekundu."

Nikamwambia sijui, labda tangu umeme ulipokatika. Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini.

"Bibi, taa ikiwaka, pedi iko analojia. Hapo kijiti kinapimwa. Ukisukuma kidogo kinajua kidogo, ukisukuma sana kinajua sana. Umeme ukikatika na kurudi, pedi hizi za bei rahisi zinaamka bila taa. Hiyo ndiyo dijitali. Hapo haipimi tena. Inauliza jambo moja tu, umesukuma au hujasukuma? Ukigusa kidogo tu kupita mahali fulani, inahesabu umesukuma mpaka mwisho."

"Kwa hiyo imeharibika."

"Haijaharibika. Kuna gemu nyingi za zamani zinazotaka hivyo hivyo. Ila haijui kidogo."

Haijui kidogo. Nilikaa na hilo neno. Nikaona mlango, nusu haujui, robo haujui. Nikamwona fahali na kidole cha mgonjwa. Chungwa nililokuwa nalo nikaliweka chini.

Haruni alibonyeza kitufe, taa ikawaka. Akakichukua kidole cha Ezron taratibu, naye akaamka. Walitazamana.

"Sukuma, mdogo wangu."

Ezron akasukuma. Kwenye kioo yule kijana alihamisha mguu mmoja, akasimama. Akahamisha tena. Hata kutembea hakukuwa kutembea. Maji yakaja yakampitia.

"Zima," Ezron alisema. "Tafadhali, bro, izime kabla Babu hajarudi."

Haruni akaizima. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Alipoondoka nilimwuliza mjukuu wangu, ulijua tangu siku ile ile? Akasema ndiyo, anajua pedi tangu akiwa mdogo, ataachaje kujua.

"Sasa kwa nini?"

"Ulimwona Babu alivyocheza?"

Nikamvutia blanketi mapajani. Akaendelea, maneno machache machache, akipumzika katikati, maana siku hizo sentensi ndefu ilimchosha.

"Nilitaka acheze siku moja tu. Halafu akaenda kanisani. Halafu wakaja watu. Na sasa hata hii inaanza kukataa, Bibi. Leo asubuhi nimesukuma mara nyingi ndipo ikakubali. Siku itakayokataa, Babu atanikuta niko sifuri kwa ghafla. Angeniona nashuka kidogo kidogo ingekuwa afadhali."

Ninyi mnaonisikiliza, mnajua kwetu mgonjwa wa muda mrefu akianza kupona, ukoo unakaa. Kila mmoja anatoa lililo moyoni, kinyongo, hasira, hata neno alilolisema peke yake njiani, ili lisibaki ndani likaurudisha ugonjwa. Wazee waliamini manung'uniko ya ndugu yanaingia mwilini mwa mtu kama baridi. Siku hizi tunaanza na sala, mambo mengine ni yale yale. Mzee wangu aliitisha kikao hicho Jumapili baada ya ibada, kuufunga ugonjwa wa Ezron.

Sebuleni tulikuwa mimi, mzee, dada yake Elina aliyetoka Masoko, Haruni aliyealikwa kwa heshima ya kompyuta, na Ezron mbele ya kioo. Felista alikuwa jikoni nyuma ya pazia, kama kawaida, anasikia kila kitu.

Mzee alisali. Akatoa lake la moyoni kwanza: kwamba mwanzoni alisema ugonjwa huu umeletwa na ukoo wa mkwe, umetoka kwa yule Ambwene wao, na kwamba sasa anaufuta usemi huo. Elina akatoa lake kuhusu shamba la mama yao. Zamu ikafika kwa mgonjwa.

"Bibi," Ezron alisema, "bonyeza kile kitufe."

"Mjukuu wangu, si leo."

"Kila mtu anatoa. Na mimi natoa. Bonyeza."

Nilibonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Ezron akamweleza babu yake mwenyewe, kama alivyonifundisha mimi, bila kupunguza, bila kuongeza, Haruni akiitikia kwa kichwa kila mahali kwamba ndivyo. Mzee wangu hakukasirika kama nilivyoogopa. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaichukua pedi. Akasukuma kijiti kwa dole gumba lake la jembe, na kijana akatimua mbio. Akapunguza, akatembea. Akapunguza, akasimama. Alifanya hivyo mara kadhaa, kama mtu anayejaribisha mizani ya muuzaji asiyemwamini. Halafu akakiweka kidole cha Ezron juu ya uyoga, akasubiri.

Tulisubiri wote. Kijana hakuhama.

"Sukuma."

"Nasukuma, Babu."

Mzee akaishika ile mikono miwili, hakuichua, aliishika tu. Elina akaanza kulia. "Nyamaza," mzee alimwambia dada yake. Aliposimama uso wake ulikuwa umefungwa tena.

"Basi ni mkono," alisema. "Mungu amechukua miguu, amechukua mikono. Kichwa amekiacha na moyo ameuacha. Hakuna mtu anayekufa kwa sababu ya mkono. Atakaa hapa kwangu, atalishwa, atachuliwa. Nilichosema kuhusu hospitali nimeshasema. Sitamsumbua mtoto kwenye mabasi kwa ajili ya mikono isiyorudi."

"Mzee, wale wanapima kifua," nilisema.

"Kifua kinaugua? Nani amesema kifua kinaugua?"

Aliyekuwa na la kumjibu hakuwa sebuleni. Mvua ilikuwa imeanza tena kwenye migomba.

"Mama," Ezron aliita. Hakupaza sauti, siku hizo hakuweza kupaza. "Mama, bado hujanijibu."

Jikoni kisu kiliacha kugonga. Nikadhani ataniita mimi niende nikachukue neno nilete. Pazia likafunguka, Felista akaingia, mikono ina utomvu wa ndizi mpaka viwikoni.

"We mwana!" Elina alishtuka. "Humwoni baba mkwe yuko hapa?"

Mzee wangu mwenyewe aligeukia ukutani upesi, akaweka mkono usoni, kwa ile heshima ya miaka yote. Felista hakurudi. Alikwenda mpaka kwenye kiti, akachuchumaa, akamtazama mwanawe.

"Ilifuata pumzi," alisema. "Mikono ilipokwisha, mwanangu, ilifuata pumzi. Alikuwa anaamka na kichwa kinamuuma, kama wewe, na kila mtu alikuwa anamtazama mikono, hakuna aliyemtazama kifua. Alilala mzima, akashindwa kuvuta. Wewe nakupeleka hospitali kesho, na Baba aliyesimama pale ukutani anisikie."